Udongo Unaovimba na Plastiki za Joto Kali

Ukitoka Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa, ukishaipita Doma na kuingia hifadhi ya Mikumi, milima husogea pembeni na uwanda wa Mkata hufunguka mkono wa kulia. Mwezi wa Oktoba ardhi ya uwanda ule ni nyeusi na imepasukapasuka. Nyufa zake humeza kwato ya nyati na mguu wa mtu. Ikija masika nyufa hufumba zote, udongo ukawa ulimbo. Hugandama kwenye viatu, hunasa gurudumu la trekta, husukuma sakafu ya nyumba mpaka ikatoa ufa. Wakulima wa Kimamba na Rudewa huuita udongo wa mbuga, na hupanga siku za jembe kwa kufuata tabia yake: ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowavuta wakemia kuuchukua udongo wa jamii hii na kuuchanganya na plastiki. Wameujaribu katika plastiki za kawaida za ndoo na mifuko, lakini hamu kubwa imekuwa kwenye polima za daraja la juu, zile zinazokaa ndani ya injini, kwenye nyaya za umeme na kwenye vyombo vya anga, mahali ambapo plastiki ya ndoo ingelegea ndani ya dakika chache. Swali lililowashughulisha kwa zaidi ya miaka 30 ni hili: vipande vya udongo vyenye unene wa nanomita moja, yaani mita moja iliyogawanywa mara bilioni, vikitiwa ndani ya polima kwa kiasi cha chumvi kwenye mchuzi, vinabadilisha nini hasa? Na kwa nini maabara moja hupata maajabu, nyingine ikitumia udongo uleule isipate kitu? Rai yangu ni kwamba jibu halimo ndani ya udongo. Limo katika kile kinachoutenganisha tabaka na tabaka, na kwenye polima za joto kali kitu hicho ndicho kinachoungua kwanza.

Tuanzie chini, ardhini. Katikati ya miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitoa jina la katena, yaani mnyororo, kwa mpangilio alioukuta tena na tena Afrika Mashariki: udongo mwekundu juu kilimani, mweusi chini bondeni, na kati yao hatua za rangi zinazofuatana na mteremko. Neno mbuga likaingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo likibeba maana ya bonde lile jeusi. Wilaya ya Kilosa, zilimo Kimamba na Rudewa, ni mahali pazuri pa kuuona mnyororo huo. Upande wa magharibi kuna milima ya Ukaguru na Rubeho. Huko juu mvua imeosha silika na chumvichumvi kwa maelfu ya miaka, na kilichobaki ni kaolini kwa wingi pamoja na kutu ya chuma inayoupa udongo wekundu wake. Kilichooshwa huteremka na mto Mkondoa na vijito vingine hadi uwandani. Maji yakituama, silika, magnesiamu na kalsiamu hukutana upya na kuunda madini ya jamii ya smektaiti. Mashuhuri katika jamii hiyo ni montimorilonaiti, iliyopewa jina la mji wa Montmorillon wa Ufaransa mwaka 1847.

Kaolini na montimorilonaiti zote mbili ni karatasi zilizorundikwa, ila zimefungwa kwa namna tofauti. Karatasi ya kaolini ni wavu mmoja wa silika ulioegemea wavu mmoja wa alumini, na kila karatasi hushikana na jirani yake kwa mikono mingi midogo ya haidrojeni. Maji hayapati mlango. Karatasi ya montimorilonaiti ina nyavu tatu: alumini katikati, silika juu na chini, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Katika ile siagi baadhi ya atomu za alumini zimeacha nafasi zao zikachukuliwa na magnesiamu, ambayo ina chaji pungufu. Karatasi nzima hubaki na chaji hasi, na ili mizani ikae sawa ioni za sodiamu au kalsiamu huja kukaa katikati ya karatasi na karatasi. Ioni hizo hupenda maji. Huyaita, nayo huingia na kuzisukuma karatasi ziachane. Kuvimba kwa Mkata wakati wa masika ni jumla ya misukumo midogo ya namna hiyo, ambayo hakuna awezaye kuihesabu.

Wafinyanzi walilijua hili kabla ya darubini. Udongo unaovimba mno hupasua chungu kikiwa bado kinaanikwa, ndiyo maana huupunguza makali kwa mchanga au kwa vigae vilivyotwangwa. Mkemia wa polima anatafuta kinyume chake. Anautaka ule unaovimba, na anataka uvimbe hadi karatasi zisijuane tena.

Vipimo vyake vinafaa kukaa akilini. Karatasi moja ina unene wa takriban nanomita 1 na upana wa mamia ya nanomita. Ukiikuza mara 100,000 itakuwa nene kama ukurasa wa daftari na pana kama stempu ya posta. Zikitenganishwa zote, gramu moja ya udongo huwa na eneo la takriban mita za mraba 750 kwa hesabu ya juu na chini, kwa hiyo gramu 10, kiasi cha kujaza kijiko, zingetosha kutandika uwanja wa mpira wa miguu. Eneo lote hilo linagusana na polima, na molekuli ya polima iliyoshikwa na ukuta haitembei ovyo kama iliyo huru. Ndipo asilimia 3 ya udongo inapoweza kufanya kazi ambayo chokaa au ulanga wa kawaida hauifikii hata ukitiwa asilimia 20 au 30.

Ulimwengu uliamka kwa nailoni. Wazo la kutia udongo uliotayarishwa ndani ya mpira lilikuwa na hataza Marekani tangu mwaka 1950, na kampuni ya Unitika ya Japani ilikuwa imeigusa nailoni na udongo katika miaka ya 1970, lakini waliofungua mlango ni watafiti wa maabara kuu ya Toyota, akina Okada, Usuki, Kojima na wenzao, mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliondoa sodiamu iliyokuwa kati ya karatasi na kuweka mahali pake molekuli ndefu ya asidi ya amino yenye kaboni 12, ambayo mwisho wake mmoja hushika udongo na mwingine hupatana na nailoni. Kisha wakaingiza malighafi ya nailoni katika nafasi hizo na kuipika humohumo. Minyororo ya nailoni ilipokua ilizisukuma karatasi mbali, kama mizizi inavyopasua ukuta. Kwa udongo wa asilimia 5 hivi, ukakamavu wa nailoni ulipanda kutoka gigapaskali 1.1 hadi karibu 2, nguvu ya kuhimili mvuto ikaongezeka kwa zaidi ya theluthi, na joto ambalo kipande hulegea chini ya mzigo likaruka kutoka nyuzi 65 za selsiasi hadi karibu 150. Ngome iliyokuwa nayo nailoni dhidi ya pigo haikubomoka. Mapema miaka ya 1990 Toyota wakaitumia kutengeneza kifuniko cha mkanda wa injini.

Mwaka 1993 Emmanuel Giannelis na wenzake wa Cornell walionyesha kwamba si lazima polima ipikwe ndani ya udongo. Inaweza kuyeyushwa tu na kupenya yenyewe kati ya karatasi, alimradi karatasi zimeandaliwa vizuri. Hilo lilikuwa tangazo la biashara, maana kila kiwanda cha plastiki kina mashine ya kuyeyusha na kukanda. Mwaka 2002 General Motors waliweka kidaraja cha kupandia cha plastiki iliyotiwa udongo kwenye magari yao ya Safari na Astro. Kuanzia hapo neno nano likabandikwa kila mahali, na mengi yaliyoandikwa yalirudia ahadi ya nailoni kana kwamba kila polima ni nailoni. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa.

Mali ya kwanza ya kuichunguza ni uwezo wa kuzuia gesi na mvuke kupenya, kwa sababu hesabu yake inaonyesha vizuri nani anafanya kazi. Molekuli ya gesi inayopita ndani ya filamu ya polima hukutana na karatasi za udongo zilizolala, na kila moja inailazimu kuzunguka. Lawrence Nielsen aliandika kanuni ya safari hiyo mwaka 1967: njia hurefuka kwa kadiri upana wa kizuizi unavyouzidi unene wake. Chukua udongo unaojaza asilimia 1 ya ujazo, karatasi zake zikiwa pana mara 200 ya unene. Kanuni inasema upenyaji utashuka hadi karibu nusu. Sasa uchukue udongo uleule, kiasi kilekile, ila karatasi zimebaki zimegandana kumikumi. Kizuizi kimekuwa kinene mara 10 kwa upana uleule, na upenyaji unashuka kwa asilimia 10 tu. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa isipokuwa utengano.

Mwaka huohuo wa 1993 kundi la Toyota, likiongozwa katika kazi hii na Yano, lilijaribu udongo kwenye poliimidi, jamii ya polima zilizo ngumu kuliko nyingi mbele ya joto. Filamu maarufu ya jamii hiyo ni Kapton ya DuPont, ile ya rangi ya dhahabu inayoonekana ikifunika satelaiti. Kwa asilimia 2 ya uzito wa montimorilonaiti, ambayo kwa ujazo ni kama asilimia 1, upenyaji ulishuka chini ya nusu. Ni vile kanuni ya Nielsen inavyotabiri kwa karatasi zilizotengana kweli. Walipotumia ulanga wa kutengenezwa, wenye karatasi pana zaidi, upenyaji ulipungua zaidi ya mara 10. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya matokeo yanayoaminika kuliko yote katika uwanja huu, maana nadharia na kipimo vinapeana mkono.

Ukakamavu una sura nyingine. Karatasi moja ya montimorilonaiti inakadiriwa kuwa na ukakamavu wa gigapaskali 170 hivi, karibu na wa chuma cha pua. Ukiiweka ndani ya kitu laini, tofauti kati ya mwenye nguvu na mnyonge ni kubwa, na faida huonekana mara moja. Ndiyo maana Thomas Pinnavaia na wenzake wa Michigan State walipata ongezeko la nguvu la mara nyingi kwenye epoksi ya mpiramipira, lakini epoksi ngumu, ile inayotumika kwenye miundo, ilipata kidogo sana. Polima za daraja la juu ziko upande huo mgumu tangu kuzaliwa. PEEK, polima iliyobuniwa na ICI ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 na inayoyeyuka kwenye nyuzi 343, ina ukakamavu wa karibu gigapaskali 3.6 bila msaada wa mtu. Udongo unaweza kuusogeza kidogo. Nyuzi za kaboni kwa asilimia 30 huupeleka juu ya 20. Anayetafuta ukakamavu tu kwenye PEEK na anafikiria udongo amekosea duka.

Mali ya tatu ni moto, na hapa udongo una heshima yake. Jeffrey Gilman na wenzake wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walichoma nailoni yenye udongo wa asilimia 5 na kukuta kilele cha joto linalotoka kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Polima inapoungua juu, karatasi za udongo hubaki nyuma, hujikusanya usoni na kujenga gamba pamoja na masizi. Gamba hilo huzuia joto lisishuke na gesi zisipande. Moto haukatazwi kuanza. Wakati mwingine unaanza mapema kidogo, kwa sababu ya vitu vilivyotumika kuuandaa udongo. Kinachobadilika ni kasi yake. Ukipunguza kasi umempa mtu dakika za kukimbia.

Dakika hizo zina maana Kilosa kuliko mahali pengi pa nchi hii. Reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inapita milima ya Kilosa kwa mahandaki. Ndani ya handaki lolote la treni duniani, adui wa abiria ni moshi kabla hajawa moto, na nyaya ndizo njia ambayo moto husafiria. Kwa miaka mingi nyaya zilivikwa PVC, ambayo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Nyaya za kisasa zisizo na klorini huvikwa polima kama EVA iliyojazwa haidroksaidi ya alumini, unga unaotoa maji ukipashwa moto, na huo hutiwa kwa wingi hata zaidi ya nusu ya uzito, mpaka ganda la waya likawa gumu kulikunja. Günter Beyer wa kiwanda cha nyaya cha Eupen, Ubelgiji, alionyesha kwamba asilimia chache za udongo wa nano huliimarisha lile gamba la masizi lisivunjike, na hivyo kiwanda kinaweza kupunguza unga mwingine na kupata waya unaokunjika. Kati ya matumizi yote ya teknolojia hii ninayoyajua, haya ya nyaya ndiyo niliyoyaona kuwa na hoja isiyoyumba. Anayeandika masharti ya zabuni ya nyaya kwa ajili ya mahandaki, vituo au migodi ya Afrika Mashariki ana sababu ya kuuliza ganda la waya limejengwa kwa nini, na likiungua litaacha gamba au litadondosha matone ya moto.

Turudi sasa kwenye kile kinachotenganisha. Ili polima ipende kuingia kati ya karatasi, sodiamu hutolewa na kuwekwa molekuli yenye kichwa cha amonia na mkia mrefu wa mafuta. Molekuli hiyo hufanya udongo uache kupenda maji, upende mafuta, na huongeza nafasi kati ya karatasi kutoka nanomita 1.2 hadi 2 au 3. Karibu udongo wote wa nano uliouzwa madukani uliandaliwa hivyo. Tatizo ni kwamba mkia huo huanza kukatika kwenye nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi. Poliethilini na polipropilini hukandwa karibu na hapo, kwa hiyo ukifanya haraka unaponea. Nailoni ya kawaida hukandwa juu ya 220, na tayari mambo ni magumu. PPS, polima nyingine ya daraja la juu, huyeyuka 285. PEEK hukandwa karibu na 380.

Mkia ukikatika hupotea na mambo mawili. La kwanza, karatasi hurudiana zikagandana, na zile hesabu za Nielsen zinakwenda na maji. La pili ni baya zaidi: kichwa cha amonia kikioza huacha protoni juu ya karatasi, na sehemu hiyo inakuwa asidi inayochochea polima yenyewe kuvunjika. Udongo uliotiwa ili polima ihimili joto unakuwa ndio unaoiozesha ikiwa mashineni. Majaribio mengi ya PEEK na udongo yaliyoleta plastiki ya kahawia inayovunjika kama biskuti yameangukia hapa. Aliyeandika kwamba udongo haufai kwa polima za joto kali amepima udhaifu wa mkia, akadhani amepima udongo.

Njia za kutoka zipo. Badala ya amonia hutumika vichwa vya imidazoli au fosfoniamu, ambavyo hustahimili hadi nyuzi 300 na kitu. Wengine hufunga molekuli zenye pete, zinazofanana na polima yenyewe, zisizo na mkia wa kuungua. Wengine hukwepa kuyeyusha kabisa. Poliimidi iliwafaa Toyota kwa sababu hiyo: haipikwi kwa kukandwa, huanza kama kimiminika katika joto la kawaida, udongo huchanganywa humo kwa utulivu, hutandazwa kuwa filamu, ndipo hupashwa moto hadi nyuzi 300. Kufikia hapo karatasi zimekwisha kunaswa mahali pake, na hata mkia ukiungua hazina pa kwenda. Polima moja ikakubali na nyingine ikakataa, udongo ukiwa uleule, kwa sababu ya mpangilio wa hatua za kazi.

Hata pale karatasi zinapotengana vizuri, kuna malipo. Plastiki hupoteza uwezo wa kuvutika kabla ya kukatika. Mnato wake wakati wa kukanda hupanda. Udongo usiokaushwa barabara huingiza maji yanayokata minyororo ya poliesta na nailoni. Na liko jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja, ila kwetu lina uzito: jua. Udongo wa asili una chuma, na chuma pamoja na mabaki ya amonia huharakisha kuoza kwa polipropilini na poliethilini zinapopigwa na mwanga. Bomba au tangi lililotiwa udongo likawekwa nje Mikumi bila dawa ya kukinga mwanga linaweza kuzeeka upesi kuliko lile ambalo halikutiwa kitu. Anayefanya utafiti huu Afrika Mashariki akiishia kupima nguvu ya kipande kipya, asikiache nje miezi kadhaa na kukipima tena, amejibu nusu ya swali.

Je, Kilosa ina nini cha kuchangia? Watu hutaja katani kwanza, na wana haki. Mashamba ya Kimamba ni sehemu ya historia ndefu iliyoanza Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge pwani ya Tanganyika mwaka 1893. Singa za katani zinaimarisha plastiki vizuri, lakini hunywa maji, na maji huziachanisha na plastiki inayozizunguka. Mwaka 2012 Mohan na Kanny wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban walichapisha kazi ya kuzitibu nyuzi za katani kwa magadi makali na udongo wa nano, ambapo karatasi huingia na kujibandika kwenye uzi na kuzuia maji. Hapo udongo na katani vinasaidiana kweli. Lakini mpaka wake ujulikane: katani huanza kuungua muda si mrefu baada ya nyuzi 200, hivyo haiwezi kamwe kuingia PEEK wala PPS. Mahali pake ni epoksi, poliesta na polipropilini: mbao bandia, vibao vya milango ya gari, paa.

Upande wa udongo, Tanzania ina kaolini ya Pugu, ambayo ni nzuri kwa vyombo na karatasi lakini mlango wake umefungwa kwa mikono ile ya haidrojeni. Ina sepiolaiti ya Sinya, karibu na mpaka wa Kenya, iliyowahi kuchongwa kuwa viko vya kuvutia tumbaku. Hiyo ni nyuzinyuzi za asili zenye unene wa nano, na hutawanyika katika polima bila kuhitaji mkia wowote, jambo ambalo kwa polima za joto kali ni faida kubwa ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha hapa nyumbani. Na mkoani Morogoro penyewe, Mikese, kuna vermikulaiti, ndugu wa montimorilonaiti mwenye karatasi pana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Wilson ilipaka vermikulaiti na mpira ndani ya mipira yake ya tenisi ili hewa isivuje.

Ule udongo mweusi wa uwandani hauwezi kuchotwa kwa sepetu ukatiwa mashineni. Umebeba mchanga, chuma, mabonge madogo ya chokaa na mabaki ya mimea. Chokaa hiyo inaonyesha pia kwamba kati ya karatasi zake wengi waliokaa ni kalsiamu, na kalsiamu hushika karatasi mbili kwa pamoja, haiachii kama sodiamu. Wajenzi wa barabara huitumia siri hiyo kwa upande wao: wakikuta udongo wa mbuga hutia chokaa ili kalsiamu izidi na udongo utulie. Mkemia hutia magadi, kabonati ya sodiamu, ili sodiamu ichukue nafasi na udongo ufunguke. Mjenzi na mkemia wamesimama kwenye mzani mmoja, kila mmoja akivuta upande wake.

Kusafisha kunaanza na maji na subira. Vuruga udongo kwenye chupa ndefu ya maji, mchanga utazama ndani ya dakika moja. Chembe ya maikromita 2 huhitaji takriban saa 8 kuzama sentimita 10. Kinachoelea baada ya hapo ndicho udongo halisi, na sehemu ya smektaiti huning'inia kwa siku nyingi zaidi. Kazi hiyo inaweza kufanyika katika karakana ya chuo cha VETA Mikumi, na kiasi kinachotakiwa ni kidogo. Tani moja ya plastiki yenye udongo wa asilimia 3 inahitaji kilo 30. Hakuna haja ya kugusa hata futi moja ya hifadhi, wala ya kumnyang'anya mkulima shamba. Vumbi lake kavu tu ndilo la kuogopa, kwa sababu ya silika ya mchanga inayoumiza mapafu. Lifanyiwe kazi likiwa na maji.

Baada ya kusafisha kuna kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote, na maabara yoyote yenye mashine ya mnururisho wa eksirei, inayoonyesha kwa mstari umbali wa kutoka karatasi hadi karatasi, inaweza kukifanya asubuhi moja. Chukua sampuli mbili, moja ya udongo mwekundu kutoka mteremko wa Ukaguru, nyingine nyeusi kutoka uwanda wa Mkata. Zipime zikiwa kavu, kisha zinyeshee glaikoli, kimiminika kinachoingia kati ya karatasi kama maji lakini hakikauki upesi, uzipime tena. Mstari wa kaolini utasimama kwenye nanomita 0.7 kabla na baada, hautikisiki. Mstari wa udongo mweusi, kama ni smektaiti, utaondoka kwenye 1.5 na kwenda kusimama kwenye 1.7. Umbali huo, sehemu mbili za kumi za nanomita, ndio unaopasua sakafu za Rudewa kila masika, na ndio mlango ambao polima itapitia.